Mshenga wa Panya

Kuna watu hawawezi kuona mlango wazi wasiuchungulie. Huyu yeye alikuwa hawezi kumwona mtu amekaa peke yake. Akiingia kantini ya kazini akamkuta mtu kajitenga na chai yake, alibeba sahani akamfuata, akamuuliza hali ya nyumbani, na kama hiyo haikutosha, akamwita na mwingine wa meza ya pili waje wafahamiane. Wenzake walimpa jina la Mshenga. Kusema kweli alikuwa mwema, ila wema usio na breki, Mungu atuepushe nao.

Kazi yake ilikuwa kutunza panya. Si hawa wa darini wanaokula sabuni, ni panya wadogo weusi wa maabara, wanaolala kwenye maranda safi kuliko vitanda vya watu wengi. Mkuu wa maabara, Daktari, mwanamke mkali kama wembe, alikuwa anachunguza usonji: kwa nini baadhi ya watu huzaliwa na ubongo unaoipokea dunia kwa namna yake, kelele zikawaumiza, na kukaa na watu kukawachosha. Sehemu ya jibu imo kwenye jeni, na ubongo wa mtoto wa mtu haufunguliwi ukachunguliwa. Kwa hiyo panya ndio waliobadilishwa jeni moja, wakafugwa kwenye vizimba vyenye kadi ya njano. Wenzao wasioguswa walikuwa na kadi ya bluu. Wakikua, kila mmoja huwekwa katikati ya sanduku la vyumba vitatu: upande huu kuna panya mgeni ndani ya kikombe cha waya, upande ule kikombe kitupu, na kamera inahesabu anakaa wapi zaidi. Wa bluu humkimbilia mgeni. Wa njano ilitarajiwa wasimjali.

Mshenga alikuwa na miaka kumi na tisa kazini wakati kadi za njano zilipomtia majaribuni. Panya wanne kizimbani, kila mmoja na kona yake, wamepeana migongo kama wake wenza. Akasikitika sana. Jirani hapo, kwenye bluu, ni kulaliana na kuchanana manyoya mchana kutwa.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," akawaambia wale wa njano. Hawakujibu.

Basi akafungua vifuniko viwili. Akamtoa mchangamfu mmoja wa bluu akamtia kwa wa njano, na mnyonge mmoja wa njano akampeleka bluu akajifunze dunia. Jike kwa jike tu, asije akaambiwa anaharibu maadili ya maabara. Walikuwa bado wadogo, hawajatobolewa alama ya sikio, na kitambulisho chao kilikuwa kadi ya kizimba peke yake. Kwa miezi mitatu alifanya mabadilishano kumi na manne, yote akayaandika kwenye daftari lake, maana mshenga makini hasahau ndoa alizofunga.

Zamu ya sanduku ilipofika, mambo yakawa shaghalabaghala. Wa njano kadhaa walimkimbilia mgeni kama ndugu aliyetoka safari. Wa bluu kadhaa walikaa kutazama ukuta. Daktari alirudia jaribio mara tatu, kisha akashinda siku mbili bila kula, akiamini miaka yake minne imekwenda na maji. Ijumaa akawaita wafanyakazi wote watano wa chumba kile.

"Jumatatu kila mtu aniletee maandishi, aeleze alichofanya humu ndani. Nisipopata sababu, panya wote mia na ishirini wanauawa, maana fedha ya kuwapima jeni mmoja mmoja hatuna, tunaanza upya. Na nikimjua aliyechezea vizimba, ajihesabu hana kazi."

 Mshenga alijua amekalia kuti kavu.

Nyumbani aliishi na bintiye wa miaka ishirini na sita, ambaye naye ana usonji. Binti alisahihisha maandishi ya kiwanda cha uchapaji, chumbani kwake, mlango umefungwa, na hakuna koma haramu iliyowahi kumpita. Kama unatafuta mtu wa kukusaidia kutunga uongo, huyo ndiye wa mwisho duniani. Lakini baba hakuwa na mwandishi mwingine. Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, akaingia na karatasi yake, akamsimulia yote.

"'Huenda kadi zilichanganyika,'" binti akasoma. "Zilichanganyika zenyewe?"

"Hiyo ni lugha ya kiofisi, mwanangu."

"Ni uongo. Na 'huenda' haina kazi hapa. Wewe ulikuwepo." Akalikata neno kwa kalamu nyekundu.

"Nikiandika ukweli nitafukuzwa!"

"Ndiyo. Inawezekana sana."

Sijui kama kuna mzazi aliyewahi kufarijiwa vibaya namna hiyo.

"Usipoandika watakufa mia na ishirini," binti akaendelea. "Nani yuko wapi unajua wewe tu. Kwa nini uliwahamisha?"

"Walikuwa wapweke, masikini."

"Ulijuaje?"

"Si kila mmoja alikaa na kona yake!"

"Hata mimi nina kona yangu," binti akasema. "Kila Jumapili unaniletea mabinti wa jirani wanichangamshe. Wananiuliza napenda rangi gani. Wakiondoka nalala mpaka Jumatatu. Mimi si mpweke, baba. Nimechoka."

 Miaka yote Mshenga alidhani ule usingizi ni wa kushiba furaha. Aliona aibu, aibu ya kweli, akachukua karatasi nyingine akaandika yote.

Jumatatu Daktari alisoma amesimama, kisha akakaa, kisha akamfokea mpaka walinzi wa getini wakasikia. Alipomaliza akafungua daftari. Mabadilishano yote kumi na manne yalikuwemo, tarehe, kizimba cha kutoka na cha kwenda, na maelezo kama "ana haya, apewe muda." Vipimo vya jeni vya hao waliohamishwa vikathibitisha kila mstari. Panya wakapona, na utafiti wa Daktari haukuwa na kosa lolote.

Kwa ajili ya lile daftari, Mshenga hakufukuzwa. Alihamishiwa chini, kwenye mashine ya kuoshea vizimba.

"Kule utakuwa peke yako," Daktari akamwambia. "Usije ukaitafutia mashine mwenzake."

Jioni hiyo alisimama nje ya mlango wa bintiye, na kwa mara ya kwanza akabisha hodi, akaufungua alipoambiwa karibu.

"Sijafukuzwa."

"Vizuri."

"Na mabinti wa jirani nimewaambia wasije." Akabaki kizingitini. "Sasa nikae nawe, au nikuache?"

Binti aliweka kalamu chini akafikiri, maana swali hilo hakuwahi kuulizwa.

"Niache," akasema.

Mshenga akafunga mlango taratibu, akaenda sebuleni, akakaa peke yake nusu saa nzima, kwa taabu kubwa, bila kumwita mtu.