Adhabu Moja na Salamu za Mama

Mwaka ule cherehani yangu haikukaa mahali pamoja. Niliiweka dirishani kwa ajili ya mwanga, nikajiona nipo hadharani mno. Nikaisogeza ukutani, nikawa nimeupa mlango mgongo, nikashindwa kumaliza hata pindo moja bila kugeuka. Mwishowe niliipeleka kwenye kona ya giza, taa inawaka mchana kweupe, na wateja wangu wa pale Miyuji wakaanza kunitania kwamba nashona nguo za wachawi. Nilicheka nao, macho yangu yakiwa mlangoni.

Chanzo ni mwanamume niliyemkataa. Alileta posa, nikasema hapana, kwa adabu kabisa, na nyumbani wakairudisha. Mwingine angenuna akaenda zake. Huyu alianza kunifuata. Nikienda sokoni kununua vitambaa, yupo. Nikitoka kanisani, yupo ng'ambo ya barabara, ameegemea pikipiki yake. Simu zake zilikuwa hazihesabiki. Hakunigusa hata mara moja, na hilo ndilo lililonichosha zaidi, maana kila niliyemweleza aliniuliza, "Kwani amekufanya nini?" Shoga yangu mmoja alithubutu kuniambia nina bahati ya kupendwa kiasi hicho. Nilimnunia wiki nzima.

Nilikwenda polisi, kwenye dawati la jinsia, nikarudi, nikaenda tena, mpaka jambo likafika mahakamani. Hakimu akamwekea dhamana ya kutunza amani kwa mwaka mzima: asinifuate, asinipigie simu, asikanyage kwangu wala ninapofanyia kazi. Yule mtu akatia sahihi huku anatabasamu. Haukupita muda akanikuta dukani, nimeshika kitambaa cheupe cha mteja, akaniinamia akasema, "Chukua mita za kutosha. Hiyo ndiyo sanda yako." Mwenye duka alisikia. Hakimu akamwita yule mtu, akamfunga kwa kuvunja amri, kifungo kifupi, na mimi nikapata usingizi.

Lakini polisi walikuwa wamefungua na jalada la pili, la kutishia kuua, kwa maneno yale yale ya dukani. Lilisikilizwa alipotoka gerezani. Wakili wake akasimama, mtu wa sauti ya taratibu, akasema mteja wake ameshaadhibiwa kwa maneno hayo, ya siku hiyo, katika duka hilo, na sheria hairuhusu mtu kuadhibiwa mara mbili kwa kosa moja. Hakimu akasoma, akafikiri, akakubali. Shtaka likafutwa. Nilitoka nje nikalizunguka jengo la mahakama kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Mwendesha mashtaka, binti mdogo kuliko mimi lakini mwenye kichwa kilichotulia, alinifuata huko.

"Dada, sheria hiyo inakulinda hata wewe," alisema. "Bila hiyo mtu angeshtakiwa kwa jambo moja mpaka azeeke."

"Mimi mbona naadhibiwa kila siku kwa kosa moja? Nilikataa posa, basi."

Akaniambia amri ya hakimu bado ina nguvu, mwaka wake haujaisha, na yule mtu akinifuata tena litakuwa kosa jipya, la siku nyingine na mahali pengine. "Ila uniletee ushahidi kwamba alikusudia. La sivyo wakili wake atasema mmekutana tu."

Yule mtu mwenyewe alielewa alichotaka kuelewa. Alizunguka mtaani akisema kesi imekufa, hakuna wa kumgusa tena, na watu wakamwamini. Hata mama yangu, ambaye naishi naye, aliniambia, "Si ameshafungwa? Mwache sasa, mwanangu. Unataka afungwe mara ngapi?" Nilimjibu vibaya, nikaenda kushona.

Baada ya hapo ndipo nilipokaribia kuchanganyikiwa, kwa sababu alianza kuzijua safari zangu. Nilipeleka magauni ya mteja kule Buigiri, nikamwona amekaa juu ya pikipiki yake mahali niliposhukia, na akaondoka kabla sijatoa simu. Nikaenda Mvumi kumwona mama mdogo aliyelazwa, nikamkuta kwenye korido ya wodi, ameshika mfuko wa machungwa.

"Nimekuja kumjulia hali mgonjwa wetu," alisema.

Wetu! Mama mdogo hakuwa akimjua hata kwa sura. Nilirudi nyumbani siku ile ile. Nikabadilisha laini ya simu. Nikamshuku muuza vocha, nikamshuku yule shoga yangu, nikaacha kumuaga mtu yeyote nikisafiri, isipokuwa mama. Kula sili, kukaa sikai. Nikisikia pikipiki, nasimama.

Asubuhi moja nilikwenda sokoni, nikasahau kipimo cha mteja, nikarudi kwa njia ya uani. Ukuta wetu wa mbele ulikuwa haujaisha, umefika kifuani kama kuta nyingi za mtaa ule, na mama alikuwa nyuma yake anachambua mlenda. Nikasikia sauti ya yule mtu kutoka barabarani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbukwa."

Salamu zetu Wagogo hazina haraka. Unauliza usingizi, unauliza mifugo hata kama mwenzio hana kuku, unauliza mvua, kisha watoto. Na anayeulizwa anajibu kwa ukamilifu, maana kujibu nusu ni kumdharau mtu.

"Watoto wameamkaje?"

"Wazima, baba. Huyu wangu ametoka, yuko sokoni. Jumamosi ana safari ya Mvumi tena, mdogo wangu bado yuko wodini."

"Msalimie mgonjwa."

"Zitafika."

Nilipofika mbele ya nyumba alikuwa ameshawasha pikipiki.

"Mama, kumbe ni wewe!" Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia. "Kumbe ni wewe unayemwambia!"

Alinitazama kama niliyempiga kofi. "Kila mara anapita, ananiamkia, anauliza watoto. Nimnyime salamu mtoto wa watu? Hajaingia ndani. Hata jina lako hajalitaja."

Angelitaja la nini? Alipewa kila kitu bure, na kwa heshima zote.

Nilimpigia yule binti wa mashtaka siku ile ile. Alisema huo ndio ushahidi aliokuwa akiutafuta: mtu kauliza, kaambiwa Mvumi, kaenda Mvumi. Tatizo ni kwamba mimi nilisikia ya safari ijayo tu; aliyeulizwa kabla ya ile ya machungwa ni mama peke yake, na mama alikataa kwenda kuyasema mahakamani. Alisema hawezi kusimama mbele za watu akiri kwamba yeye ndiye aliyemuuza mwanawe. Alisema pia ni dhambi kumfunga mtu aliyekwisha kufungwa. Tukakaa nyumba moja bila kuzungumza, mimi nikiingia na kutoka, nikifunga mlango na kuufungua tena, na kesi mpya aliyoifungua yule binti ikikaribia.

Mwishowe nilimwambia jambo nililokuwa nimemficha ili nisimtie hofu. Nilimweleza habari ya kitambaa cheupe na maneno yote ya dukani, jinsi yalivyosemwa.

Mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Alikwisha kusema hayo," aliuliza, "ndipo akaanza kuja kuniamkia?"

"Ndiyo, mama."

Hakuniambia kwamba atakwenda. Alitoa tu khanga yake ya kanisani, akaifua.

Mahakamani wakili alianza na wimbo wake wa zamani, kwamba mteja wake ameshaadhibiwa. Binti wa mashtaka akamjibu kwamba ameadhibiwa kwa ya dukani, na leo anaulizwa ya Mvumi. Kisha akaitwa mama. Alipokuwa anapita mbele ya kizimba, yule mtu akainama kidogo na kusema, kwa sauti iliyosikika mpaka nyuma, "Shikamoo, mama."

Mdomo wa mama ulifunguka. Nadhani ulifunguka wenyewe, kwa mazoea ya maisha yake yote. Akauziba kwa pindo la khanga, akasimama hivyo mpaka karani alipomwapisha.

"Nilimwambia mimi," alisema. "Aliniuliza mtoto wangu, nikamjibu. Nilidhani ni salamu."

Machozi yalinitoka, nami sikuyafuta. Hakimu alimtia hatiani yule mtu kwa kosa jipya, na safari hii kifungo kilikuwa kirefu. Niliwashukuru watu wote, hata wakili wake nusura nimshukuru. Nilidhani sasa nitatulia.

Juzi nilikuwa ndani napiga pasi, dirisha wazi. Mwanamke mmoja aliyehamia mtaani hivi karibuni alisimama nje ya ukuta wetu kusalimia, na nikafurahi kusikia salamu ya kwetu, ndefu, ya usingizi na mifugo na mvua. Mama aliijibu vizuri. Kisha mgeni akauliza watoto.

"Sina watoto," mama akasema.

"Pole, mama yangu. Na yule dada ninayemwona anaingia humu na vitambaa?"

"Yule ni mpangaji."