Pikipiki Nne Kwenda Ukweni Kishanda

Lawama zote namtupia rafiki yangu mwalimu. Yeye ndiye aliyekwenda Ulaya kwa mwaliko wa kanisa, wenyeji wakampakia kwenye pikipiki wakamzungusha milima yenye theluji, akarudi Bukoba mtaalamu. Kabla ya hapo alikuwa akiogopa hata baiskeli.

Basi siku niliyotakiwa kwenda Kishanda kuposa, akasema hatuendi kwa gari. Tunakwenda kwa msafara wa pikipiki, kupitia milima ya Kamachumu, kama wafanyavyo wenzetu. Nikakubali, nami ni mjinga wa kujitakia. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, shangazi zangu wameshachoka kuniombea, na baba wa mchumba wangu, mwinjilisti mstaafu, alikuwa amenirudisha mara moja. Alisema mimi ni mtu wa mzaha, na kwamba binti yake hanipendi, ananionea huruma tu. Akanipa nafasi ya pili na ya mwisho. Neno hilo la huruma liliniuma kuliko kukataliwa kwenyewe.

Tulikutana Rwamishenye asubuhi: mwalimu mbele, nyuma yake rafiki yetu mwenye duka mjini, kisha fundi pikipiki, na mimi mkiani. Mwalimu akatoa sheria za Ulaya. Taa ziwake mchana. Mstari mmoja, hakuna kupitana. Mwendo wa polepole, ili tuone mandhari. Na mavazi yafanane, kwa hiyo alikuwa ametununulia makoti manne meusi ya mvua, ya mtumba. Langu lilinifika magotini.

Zawadi ya mama mkwe ilikuwa mkeka mrefu wa rangi, kazi ya shangazi yangu ya miezi mingi. Mwenye duka, mtu nadhifu kupita kiasi, akasema vumbi litauharibu. Akauviringisha, akaufunga kwenye shuka jeupe jipya, ncha zote mbili akazikaza kwa kamba, kisha akaulaza nyuma ya pikipiki yake kwa uangalifu mkubwa.

Tukaanza kupanda, na ukweli usemwe, nilifurahi. Migomba pande zote, kona baada ya kona, ziwa linang'aa kule chini. Na watu! Sijawahi kuheshimiwa vile. Wazee walivua kofia. Wanawake waliotoka shambani walitua mizigo wakasimama kimya. Lori likatupisha, jambo ambalo lori halijapata kumfanyia mtu tangu liundwe. Nikajiambia, kumbe ndiyo maana Wazungu wanapenda mchezo huu. Nikawa nawapungia mkono taratibu, kichwa nimekiinamisha kidogo, kama askofu.

Kamachumu tulisimama kunywa chai. Dereva mmoja wa bodaboda akamsogelea mwalimu, akauliza kwa sauti ya chini, kwa heshima ya Kihaya, "Waitu, mnampeleka nani?"

"Mchumba wa binti wa mwinjilisti, kule Kishanda," mwalimu akajibu kwa majivuno.

Dereva akautazama ule mzigo mweupe, akatikisa kichwa, akatoa simu. Tulipoondoka, alikuwa nyuma yangu na wenzake sita, taa zote zinawaka. Mwalimu alifurahi mno, akasema hata Ulaya wageni hujiunga njiani. Kufika barabara ya vumbi ya Kishanda, nyuma yangu walikuwa zaidi ya ishirini, na hakuna hata mmoja aliyepiga honi.

Tulipoingia kwenye kibanja cha mkwe, uani kulikuwa kumejaa kina mama, mikono kichwani, wanalia. Nikadhani mwinjilisti amefariki. Mungu anisamehe, nilimkasirikia kwa kuchagua siku yangu. Kisha nikamwona mwenyewe mlangoni, mzima kabisa, Biblia mkononi. Madereva sita wakaufungua mkeka kutoka kwenye pikipiki, wakauinua mabegani kwa adabu, wakatazamana, wakishangaa ulivyo mwepesi.

Hapo ndipo nilipoelewa yote, kuanzia taa hadi shuka. Nikavua helmeti. "Kaboneka, Tata," nikamwamkia mkwe kwa Kihaya. Mama mmoja akapiga ukelele akaanguka kwenye maua.

Mwinjilisti akanikazia macho. "Wewe si umekufa?"

"Hapana, waitu. Nimekuja kuposa."

Mchumba wangu akatokea nyuma yake, macho yamevimba, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Akapita katikati ya watu, akanizaba kofi mbele ya baba yake, kisha akanikumbatia kwa nguvu hadi koti likapasuka mgongoni. Nikalia na mimi, wala sioni aibu kusema.

Baba yake akatusogelea. "Tangu tupigiwe simu saa nne ninamfariji," akasema. "Amekataa maji, amekataa maneno, amekataa hata sala yangu. Huruma hailii hivyo." Akaifunga Biblia, akawageukia wale madereva waliokuwa bado wamebeba mkeka. "Wekeni hicho chini, mwingie ndani, mle chakula."

Mchumba wangu akajifuta uso kwa mkono wa koti langu. "Wewe usidhani nitarudia," akaninong'oneza. "Machozi yako nimeyamaliza leo. Siku ukifa kweli, utafute mtu mwingine wa kukulilia."