Mtani Wangu Alipolalamikia Kifua Jangwani

Naomba jina langu lisitajwe, maana Songea si mji mkubwa. Nina umri wa miaka sabini na tisa, ni Mngoni, mwalimu mstaafu wa Kiingereza. Mke wangu alikwisha kufariki, na padri wa parokia yetu ni kijana niliyemfundisha mwenyewe. Nimeshindwa kumweleza haya. Nawaeleza ninyi nisiowajua.

Katika miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, nilikuwa na rafiki Mbena kutoka Njombe, mwenye duka la redio na vitenge karibu na soko kuu. Nitamwita Baba Tumaini. Wangoni na Wabena ni watani, na sisi tulitaniana bila kupumzika. Nikipita dukani kwake alipaza sauti, "Mwalimu, hujafa tu? Maneno ya kukusema msibani nimeshayaandaa!" Nami nilimjibu, "Tangulia wewe, Mbena. Nitalala kaburini mwako mpaka nipewe kuku." Kwa wasiojua, mtani huruhusiwa kuingia kaburini na kulizuia jeneza mpaka apewe chochote, na hakuna anayekasirika. Kifo kilikuwa mchezo wetu wa kila siku.

Alipopata nafasi ya kwenda Uarabuni kununua mali, aliniomba nifuatane naye kwa sababu hakujua Kiingereza. Mkewe alitufungia dagaa wa Nyasa wa kukaanga. Tulikula wote wawili, kutoka mfuko mmoja, safari nzima. Naomba mlikumbuke jambo hilo.

Siku ya mwisho, tajiri aliyetuuzia redio alitulipia matembezi ya jangwani pamoja na wageni wengine. Dereva, ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi wetu, alipunguza upepo wa magurudumu, akatuamuru tufunge mikanda, kisha akaanza kulipandisha gari kwenye vilima vya mchanga na kulitupa upande wa pili kana kwamba linapinduka. Wageni walipiga mayowe ya furaha. Mimi niligeuka nyuma nitazame tulikotoka, nikaona upepo unafuta alama za magurudumu yetu. Hapakuwa na mti, nyumba wala njia.

Tulisimama juu ya kilima kirefu ili wenye kutaka wateleze mchangani kwa vibao. Baba Tumaini hakwenda mbali na gari. Alikuwa anatokwa jasho, mkono uko kifuani.

"Mwalimu, kifua kinanibana. Mwambie huyu bwana anirudishe mjini."

"Kufa basi, Mbena. Hapa hata kuchimba si kazi, mchanga mtupu."

"Leo sitanii."

"Hata mimi sitanii. Kuku wangu yuko wapi?"

Alicheka kidogo, kwa kuwa hakuwahi kukubali kushindwa nami. Wakati huohuo mpiga picha wa matembezi alitupiga picha, ya aina ile inayotoka papo hapo, akampa. Aliitia katika mfuko wa ndani wa koti bila kuitazama. Dereva akaniuliza rafiki yangu anasema nini. Nikamjibu kwa Kiingereza kisicho na kosa, "Anasema uendeshe kwa kasi zaidi."

Dereva alifurahi, akafanya hivyo.

Jua lilipozama tulifikishwa kambini, mahali palipotandikwa mazulia na mito ya kuegemea. Nyama ilichomwa, ngoma ikapigwa, mtu mmoja akatema moto, mwingine akazunguka kwa sketi yenye taa mpaka macho yakachoka. Baba Tumaini hakula. Aliniegemea begani, nami nikadhani anatunga jibu la kunishinda. Wageni walipopiga makofi, mkono wake ulianguka ndani ya sahani.

Nilimwambia, "Amka, Mbena, umeshinda." Hakuamka.

Tajiri yule alisaidia maiti irudishwe nyumbani. Ndugu za marehemu waliponiuliza, nilisema, "Hakulalamika popote. Alikuwa mzima, akaketi kula, akaanguka." Basi wakamgeukia mkewe. Walisema mtu mzima haanguki hivihivi, kuna kitu alitiliwa kwenye dagaa. Walimwita mchawi mbele ya watu, wakamfukuza pamoja na mtoto. Mimi nilikuwapo. Nilikuwa nimejipaka majivu usoni, naigiza mwendo wa marehemu kama mtani afanyavyo msibani, watu wanacheka. Ningeweza kusema kwamba dagaa wale nami niliwala. Nilinyamaza kwa kuogopa maswali ambayo yangefuata. Siku hiyo nilipewa kuku.

Mjane huyo, Mama Tumaini, ameishi kijijini Lusewa miaka yote hii. Sasa ni mgonjwa sana, na ombi lake ni moja, azikwe kando ya mumewe. Shemeji zake wamekataa. Kikao cha ukoo ni Jumamosi, na mimi nimealikwa.

Wiki iliyopita Tumaini, mtoto yule aliyefukuzwa na mama yake, alikuja kwangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Hakukaa. Aliweka picha mezani. "Mama ametunza koti la baba tangu wakati ule. Nilipotaka kulifua niliikuta humo. Baba yangu ameshika kifua. Wewe unacheka. Alikuwa anakuambia nini?"

"Tulikuwa tukitaniana tu."

Aliitazama picha, akanitazama mimi, akairudisha ndani ya mkoba. "Basi Jumamosi uje uwaeleze baba zangu wadogo huo utani ulikuwaje."

Ndugu za marehemu wananisubiri kwa hamu. Wameniambia kikao bila mtani hakinogi. Nikisimama na kusema kwamba alinisihi, nami nikayageuza maneno yake, najua watacheka kwanza, kama walivyozoea. Kisha Tumaini ataitoa picha. Nikibaki kitandani nikasingizia ugonjwa, Mama Tumaini atazikwa Lusewa akiwa bado anaitwa mchawi, na picha itatolewa vilevile.

Ndugu zangu, nishaurini kabla ya Jumamosi. Nifanye nini?