Kitambaa Chini ya Nyuzi

Sauti ninayoikumbuka zaidi ya mwaka ule ni du, du, du, kavu na fupi, kama mtu anayegonga meza kwa kidole huku akiwaza jambo lingine. Ndivyo nyuzi za gitaa zinavyolia ukizisokomezea kitambaa chini, karibu na mahali zinapofungiwa. Kitambaa chenyewe kilikuwa mkono wa shati la kaki la baba, shati lake la kazi ya reli, na mama aliukata kwa mkasi bila kuniangalia. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tulikaa Kamina, katika nyumba za wafanyakazi karibu na stesheni, nchi ikiitwa bado Zaire, na baba alikuwa amezikwa wiki moja kabla ya Jumatano ya Majivu.

Gitaa halikuwa letu. Lilikuwa mali ya parokia, na baba alilitunza kwa sababu ndiye aliyeipigia kwaya kila Jumapili. Siku ile ya Majivu, katekista alikuja na alama nyeusi kwenye paji la uso, akakaa, akatupa pole, kisha akasema taratibu kwamba watu wa parokia ya Luena wana mpigaji ila hawana gitaa, na padri ameona lipelekwe kwa treni. Mama alijibu palepale: "Liache mpaka Pasaka, katekista. Mwadi atapiga. Baba yake alimufundisha." Katekista akanitazama. Mimi nikatazama miguu yangu. Baba hakuwahi kunifundisha hata uzi mmoja. Kazi yangu ilikuwa kulipangusa vumbi. Mama alikuwa amemdanganya mtu wa kanisa, majivu yakiwa usoni pake, na uongo huo nilipaswa kuugeuza kuwa kweli katika muda wa Kwaresima. Ikiwa ningeshindwa, kitu cha mwisho kilichokuwa na jasho la baba kingeondoka Jumatatu ya Pasaka.

Tena sikuwa na mahali pa kupigia. Kanisani vyombo vyote vilinyamaza kwa sababu ya Kwaresima. Nyumbani tulikuwa na kilio, yaani matanga ya baba, na shangazi Ngoie, dada mkubwa wa baba, alikuwa amekuja kutoka Kinkondja na kapu la samaki wakavu ili ahakikishe kilio cha ndugu yake kinafuatwa ipasavyo. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye jicho linaloona mpaka nyuma ya mlango. "Mu nyumba ya kilio hakupigwake muziki," alisema, "na mutoto wa marehemu hatatembea na gitari mu barabara, bantu bakamuona." Aliyetuokoa ni Bolongo, tuliyemwita Tonton, yaani mjomba, sajini wa kambi ya jeshi, mtu wa mkoa wa Equateur aliyekuwa akipiga gitaa na baba kila Jumamosi. Yeye ndiye aliyeomba kitambaa. "Vidole havina masikio, Mama Ngoie," alimwambia shangazi kwa adabu. "Acha bijifunze kwanza, bila makelele." Shangazi aliligusa gitaa lililozibwa mdomo, akasikia du, akakubali kwa kuguna.

Tonton alikuja Jumamosi zote za Kwaresima kwa lori la jeshi, na kila mara aliniachia zoezi la juma zima. La kwanza lilikuwa la kutembeza vidole vinne vya mkono wa kushoto, kila kidole na chumba chake kwenye shingo ya gitaa, uzi baada ya uzi, kwenda na kurudi, mpaka ncha zikatoka malengelenge na baadaye zikawa ngumu. La pili, alinifunga kidole cha kati na cha pete cha mkono wa kulia kwa kipande cha mpira wa baiskeli, ili nipige kwa dole gumba na kidole cha shahada tu, namna wapigaji wa kwetu wanavyopiga. Nilishinda nimefungwa hivyo, nikila bukari, ugali wetu, kwa taabu, wadogo zangu wakinicheka. La tatu ndilo lililonitoa machozi: kubadili akodi, yaani kuvihamisha vidole vyote kwa pamoja kutoka mshiko mmoja hadi mwingine. Mama alipotwanga sombe, majani ya muhogo, kila mchi ulipotua nilitakiwa niwe nimekwisha kuhama. Mwanzoni alitwanga polepole kwa ajili yangu. Kadiri Pasaka ilivyokaribia aliongeza mwendo, na sikujua kama ananifundisha au anaogopa kama mimi. "Piga tu pale panakushinda," Tonton alikuwa akisema. "Pale unajua, acha. Pasaka haina muda ya kukusifu."

Nilijiona nimeiva. Vidole vilikwenda vyenyewe. Jumamosi Kuu asubuhi kwaya ilikusanyika kujiandaa, katekista akaniita mbele, nami nikakitoa kitambaa kwa mara ya kwanza.

Kilichotoka sikukitarajia. Nyuzi zililia kama mabati, na katikati ya kila akodi palikuwa na shimo: uzi wa tatu haukulia kabisa. Siku arobaini kidole changu kimoja kilikuwa kikiuegemea, na chini ya kitambaa nyuzi zote zilisema du, nani angejua? Waimbaji waliangaliana. Katekista alinifuata mpaka mlangoni, akasema bila ukali, "Mwadi, mwana wangu, baba yako alikufundisha hivi kweli?" Nilirudi nyumbani nimelikumbatia gitaa, nikipita barabara ileile niliyokatazwa, na watu waliniona.

Shangazi Ngoie alikuwa akianua nguo. Nilimweleza yote, hata uongo wa mama. Nilingoja kofi. Alikunja mkeka, akauweka begani, akatangulia. Tulivuka reli, tukapita mashamba ya muhogo mpaka nyumba zikapotea. "Kilio iko mu nyumba," alisema akitandika mkeka. "Huku hakuna nyumba. Piga."

Nikaanza upya lile zoezi la Jumamosi ya kwanza, uzi mmoja mmoja, safari hii kwa sauti. Shangazi hakujua jina la akodi hata moja, lakini alikuwa amelisikia gitaa la ndugu yake tangu ujana wao. "Ile iko bubu," alisema. Nikasimamisha kidole wima. "Ingali bubu." Nikasogeza kiganja, nikavuta dole gumba nyuma ya shingo. "Njo hiyo. Rudia." Tulirudia mpaka jua likaelekea kuzama. Uzi wa tatu ulipolia mara kumi mfululizo, niligeuka ili anisifu, nikamkuta amejifunika uso kwa kitenge, akilia. Mwanamke aliyeizuia nyumba nzima isitoe sauti alikuwa ameisikia sauti ya mdogo wake. Niliogopa, nikaacha. "Nani alikuambia uache?" alisema ndani ya kitenge.

Kesho yake, kwenye wimbo wa Utukufu wa misa ya Pasaka, nilikosea mara moja, na uzi wa tatu ulilia mara zote. Katekista aliniacha nirudi nalo nyumbani. Jumatatu treni ya Luena ilipita nyuma ya nyumba yetu ikipiga honi, na gitaa lilikuwa limelala kitandani kwangu.

Leo nafundisha gitaa Lubumbashi. Wanafunzi wangu huja na simu zilizojaa video za kujifunza upesi, na wanapenda kuniuliza nilichukua muda gani. Nawaambia siku arobaini. Macho yanawatoka, wanataka mazoezi yaleyale. Nawapa vidole vinne, nawapa mpira wa baiskeli, nawapigia meza badala ya mchi wa mama. Kitambaa cha kaki kiko ndani ya kasha la gitaa langu, na mtoto mmoja alipokiona aliniuliza ni cha zoezi gani. Nilimwambia ni cha kupangusia vumbi. Zoezi la kitambaa simpi mtu, kwa kuwa ili ulifanye lazima kwanza azikwe mtu nyumbani kwenu.