Miaka Sita ya Kula kwa Mzee Sufiani

Hilaria mpima ardhi hakuwa mwoga. Aliwahi kumfukuza nyoka kwa mguu wa kipimo chake, kisha akaendelea na kazi. Ila kumdai mtu mzima hela ndani ya nyumba yake, hapo ulimi ulimkwama. Ndivyo alivyolelewa kwao Usambarani.

Juni mwaka 2019 alipima shamba la Mzee Sufiani huko Kang'ata, akaweka mawe ya mipaka, akachora ramani, akaacha ankara ya shilingi milioni mbili na laki nne. Mzee alisema mwanawe Muhsin, aliyeko Dar es Salaam, angelipa. Muhsin hakulipa. Tangu hapo, kila mwaka Hilaria alitoka ofisini kwake Old Korogwe, akapanda basi hadi Handeni na bodaboda hadi Kang'ata, amejiapiza kwamba leo atasema. Akifika, shikamoo, marahaba, na mke wa mzee, Mama Mwanaisha, anatenga bada, ule ugali wa muhogo, na kuku wa kienyeji. Ukishanawa mikono nyumbani kwa mtu, deni utalitamkaje? Alikula, akashukuru, akarudi na jogoo kwapani. Miaka mitano, jogoo watano, hela hakuna.

Mwaka wa sita, rafiki yake Yuditha, ambaye ni wakili, aliiona ile ankara mezani.

"Hii kazi uliimaliza lini?"

"Juni ishirini, mwaka 2019."

Yuditha akatazama kalenda. "Basi una siku tisa. Deni la mkataba kama huu, sheria inakupa miaka sita kwenda mahakamani. Ikipita, hata hakimu akikuonea huruma, kesi inatupwa. Labda mzee akiri deni kwa maandishi na kusaini kabla ya hapo. Akisaini, miaka inaanza kuhesabiwa upya."

"Nikamsainishe mtu mzima kama mwizi?"

"Mficha uchi hazai, dada. Au nikufungulie kesi?"

Kesi na Mzee Sufiani. Hilaria akairudisha ankara mkobani. Hela aliitaka, kipimo chake kilikuwa kimechoka kabisa, lakini ile nyumba aliipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Kesho yake alikuwa Kang'ata. Bada likaja, kuku akaja, Mama Mwanaisha akasimama na birika la maji ya kunawa. Hilaria hakutoa mikono.

"Unaumwa, mwanangu?"

"Siumwi, mama. Nikishakula sitasema tena." Akaitoa ankara.

Mzee aliisoma taratibu, akairudia. "Muhsin hakukulipa?"

"Hakulipa, baba."

"Miaka yote hii?"

"Zimebaki siku nane itimie sita." Akamweleza habari ya sheria na ya kusaini, macho yakiwa chini.

Mzee akasema neno ambalo Hilaria aliliogopa kuliko mahakama.

"Kumbe ulikuwa unafuata hela. Mimi namwambia mama yako hapa, huyu binti wa Kishambaa ametupenda."

Machozi yalimtoka Hilaria, wala hakuyaficha. "Mwaka wa kwanza na wa pili nilifuata hela, baba. Wa tatu nilikuwa nimewakumbuka."

Mzee akamtazama mkewe, mkewe akaanza kucheka, naye akashindwa kujizuia. Akaomba kalamu. Aliandika kwa mkono wake kwamba anadaiwa, kiasi gani na kwa kazi gani, akaweka tarehe na sahihi.

"Na huyo Muhsin nitampigia mwenyewe," alisema. "Sasa nawa. Chakula kinapoa."

Mzee alipouza ufuta wa shamba lake, hela yote iliingia kwenye simu ya Hilaria. Alifurahi sana, akanunua kipimo kipya. Kilichobaki kumsumbua ni kwamba sasa hakuwa na sababu ya kwenda Kang'ata.

Agosti akapanda basi hivyo hivyo, na mfuko wa mapeasi ya kwao mapajani. Mzee alikuwa uani anachonga mpini wa jembe.

"Leo unadai nini?" aliuliza bila kuinua uso.

"Sidai kitu, baba. Shikamoo."

Mpini ukatulia. "Marahaba, mwanangu."

Mama Mwanaisha alishatoka na birika, na safari hii Hilaria alitangulia kutoa mikono.