Joho la Mzee Mbaruku

Siku niliyovishwa joho la Mzee Mbaruku naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, mjukuu wangu, na bibi yenu akisikia hivi anisamehe. Naikumbuka harufu ya udi kwenye kola, baridi ya sakafu ya ukumbi, na mikono ya yule mzee ikinifunga kifungo shingoni. Nitakueleza tangu mwanzo, maana ukisikia habari za joho peke yake utadhani ilikuwa siku ya furaha.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Iringa, nikiwa kijana wa sekondari. Mimi ni Msafwa wa milimani, juu ya Mbeya, ambako mama yangu alilima viazi na kunilea peke yake baada ya baba kufariki. Shuleni nilikaa bweni. Rafiki yangu Salehe alikaa kwao Mlandege, mjini, akija asubuhi na kurudi jioni. Baba yake, Mzee Mbaruku, alikuwa na duka la vitambaa, na ukoo wao ulitoka pwani zamani, kwa hiyo nyumba ile ilizungumza Kiswahili laini ambacho mimi nilikuwa sijakisikia popote. Nikifungua kinywa Salehe alicheka na kuniita Bwana Mlima. Mama yake alimkemea, kisha akacheka mwenyewe.

Mwaka ule tulisoma tamthilia ya Kiingereza, ya kale, yenye lugha ngumu kama mawe. Ilimhusu jemadari aliyeshinda vita, na akiwa njiani kurudi nyumbani wapiga ramli wakamwambia kwamba atakuwa mfalme. Neno hilo likamwingia. Akamwandikia mkewe, mkewe akalipenda kuliko yeye. Mfalme naye, bila kujua lolote, akaja kulala kwao kama mgeni. Sehemu ya kwanza inaishia pale jemadari anapokubali kumuua mgeni wake mwenyewe, chini ya paa lake mwenyewe.

Mwalimu wetu wa Kiingereza, Mwalimu Mtega, alikuwa Mbena mrefu mwenye sauti ndogo. Alikuwa na namna yake ya kufundisha ambayo sijaiona tena. Kila tulipomaliza onyesho moja darasani, alitutaka tukamsimulie mtu asiyejua Kiingereza, kwa Kiswahili au kwa lugha ya kwao, kisha tumletee yeye mwalimu swali atakalouliza huyo mtu. Alisema mwanafunzi anaweza kumdanganya mwalimu kwamba ameelewa, lakini hawezi kumdanganya mpishi wa bweni. Siku ya kwanza kabisa alituambia na mwisho wa hadithi, kwamba jemadari yule ataupata ufalme na utamwangamiza, yeye na mkewe. Alitaka tujue tunaelekea wapi.

Sisi wa bweni wengine walimsimulia mpishi, wengine mlinzi. Mimi nilipewa ruhusa ya kwenda Mlandege na Salehe, tukamsimulia baba yake pale barazani, kwa zamu, huku fundi wake akikanyaga cherehani. Mzee Mbaruku alikuwa msikilizaji mwema. Aliweka mkasi chini, akafumba macho, na maswali yake yalimfurahisha Mwalimu Mtega kuliko ya watu wote. Baada ya hapo tulikula. Sikumbuki hata mara moja niliyoondoka katika nyumba ile na njaa.

Mwalimu akaamua tuiigize sehemu ile ya kwanza mbele ya wazazi, hapo shuleni, na likizo ikifika tuipeleke Mbeya kwenye shule nyingine. Nafasi ya jemadari akampa Salehe. Mimi nikapewa kukaa pembeni na kitabu, nimkumbushe mtu akisahau.

Sasa nikuambie jambo ambalo wakati ule sikumwambia mtu. Kabla ya mwalimu kugawa nafasi, nilikuwa nimekwisha mtumia mama salamu, kwa jirani yetu aliyepita Iringa, kwamba tutakuja Mbeya na mimi ndiye nitakayekuwa mkubwa katika mchezo. Nilikuwa na hakika. Matamshi yangu ya Kiingereza yalikuwa mazuri kuliko ya Salehe, na nilizijua beti zote. Mama alikuwa hajawahi kuniona nikifanya kitu cha shule. Nilimwona akilini mwangu akishuka mlimani na kanga yake mpya, halafu asinione. Ningeweza kumweleza Salehe jambo hilo dogo. Nilinyamaza, nikaanza kumtazama rafiki yangu kama mtu aliyekalia kiti changu.

Siku ya kusimulia onyesho la mwisho, Salehe hakuwepo. Baba yake alikuwa amemtuma Ipogolo kupokea marobota ya vitambaa kwenye lori. Nikaketi barazani peke yangu na Mzee Mbaruku, nikasimulia. Mwanangu, sikuwahi kusimulia vizuri namna ile. Nilimweleza jinsi mgeni alivyokaribishwa kwa tabasamu, akasifu hewa ya mahali pale, akala, akaenda kupumzika kwa amani. Nilimweleza jinsi mke alivyomcheka mumewe kwa kusitasita, na jinsi mume alivyokubali. Nilirudia habari za ramli, ingawa hazikuwa za onyesho lile, maana nilijua mzee yule hakuvumilia ramli nyumbani kwake hata kwa mzaha.

Fundi aliacha kukanyaga cherehani. Mzee Mbaruku akafumbua macho.

"Na maneno hayo ya kukubali kuua mgeni, atayasema Salehe?"

"Ndiyo, Mzee."

"Mbele za watu?"

"Ndiyo, Mzee. Ndiyo maneno ya mwisho ya mchezo."

Kisha akauliza swali lake, lile la kupeleka kwa mwalimu. "Na mtu huyo, mwisho wake huwa nini?"

Nilijua mwisho wake. Nilikuwa nao mdomoni. Nikasema, "Sisi, Mzee, tunaigiza mpaka hapo tu."

Hakuna neno la uongo nililosema jioni ile. Nilijipa moyo kwa hilo njia nzima ya kurudi bweni. Kesho yake mwalimu aliponitaka swali la msikilizaji wangu, nilitunga jingine, kwamba mzee ameuliza kwa nini mke yule hakuogopa. Mwalimu akalisifu.

Mzee Mbaruku alimkataza mwanawe. Salehe hakubishana na baba yake, wakati ule hatukubishana. Alimwendea mwalimu akasema nyumbani hawajaridhika, basi. Mwalimu akanipa mimi nafasi ile, na Salehe akachukua kitabu changu na kiti changu cha pembeni. Aliniuliza mara moja tu, tukiwa tunafagia ukumbi, baba yake aliuliza swali gani siku ile. Nikamwambia lile la kutunga. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kufagia. Hakuwa mtu wa kushuku.

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa. Mzee Mbaruku alikuja mapema, akaingia nyuma ya pazia tulikokuwa tunavaa, ameshika joho lake jeusi la tarizi ya dhahabu, lile la Idi na la harusi. Alikuwa amemwahidi mwalimu kwamba jemadari atavaa joho lake, na ahadi ile aliiweka wakati jemadari ni mwanawe. Nilidhani angeiacha. Akanivisha mwenyewe, akanifunga kifungo, akakung'uta bega langu.

"Mama yako yuko mbali," akasema. "Leo wewe ni mwanangu. Usitetemeke."

Nilitetemeka. Katikati ya mchezo maneno yakanipotea, na kutoka pembeni nikasikia sauti ya Salehe ikinipa ubeti, polepole, nisiaibike. Alinipa mara ya pili na ya tatu. Watu wakapiga makofi tulipomaliza.

Kisha Mwalimu Mtega akapanda jukwaani, nasi bado tumesimama pale. Akasema kwa Kiswahili kwamba asingependa wazazi warudi nyumbani wakidhani shule inawafundisha watoto wao uovu. Akasimulia hadithi yote iliyobaki, jinsi ufalme ule ulivyomnyima jemadari usingizi, jinsi mkewe alivyochanganyikiwa, jinsi alivyokufa amechukiwa na kila mtu. "Wanafunzi wangu wanaujua mwisho huu tangu siku ya kwanza," akasema. "Niliwaambia mimi mwenyewe."

Mzee Mbaruku alikuwa benchi la mbele. Hakukunja uso. Alinitazama tu, nami nimevaa joho lake.

Alinifuata nyuma ya pazia, akanifungua kifungo mwenyewe kama alivyokifunga. Nilingoja anipige, na ningeona nafuu. Alilikunja joho vizuri, akaliweka mkononi.

"Nilikuuliza mwisho wake, Anania."

"Ndiyo, Mzee."

"Kesho mchana njoo ule. Utanisimulia tena, na Salehe akiwepo."

Kesho yake nilienda Mlandege. Tulikula kwanza, kwa sababu katika nyumba ile mtu hakusemwa kabla hajashiba. Kisha nikasimulia onyesho lile upya, mbele ya Salehe na mama yake, na nilipofika mwisho wa hadithi sikuishia hapo. Nikasimulia na hadithi yangu: salamu nilizompelekea mama, swali nililoficha, swali nililotunga. Mama Salehe alikuwa anachambua mchele. Akaacha.

Mzee Mbaruku alisema, "Hukunidanganya kwa neno, umenidanganya kwa mahali uliponyamaza. Nami nilimhukumu mwanangu kwa hadithi nusu, sikumwita hata kumuuliza." Akamgeukia Salehe. "Kwa hiyo mimi nawe tuna mazungumzo yetu, baba." Sikuwa nimewahi kumsikia mzee wa rika lake akimwambia mwanawe maneno kama hayo.

Salehe alikuwa anatazama mkeka. "Ungeniambia habari za mama yako," akasema, "ningekupa Mbeya, mimi nikabaki na Iringa. Baba angeniona hapa, mama yako angekuona kule. Ungeniambia tu, Bwana Mlima."

Mwanangu, nimezeeka, nimefanya kazi, nimezika watu, lakini maneno yale bado yananiuma. Kile nilichokiiba ningepewa kwa kuomba tu.

Nilimwendea Mwalimu Mtega nikamweleza yote, nikaomba Salehe awe jemadari Mbeya, maana baba yake alikuwa amekwisha mruhusu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema nafasi imerudi kwa mwenyewe na mimi nirudi kwenye kitabu. Adhabu nyingine hakunipa.

Tulisafiri kwa lori, tumekaa juu ya magodoro, vumbi jekundu likitufanya wote wa rangi moja. Salehe hakusema nami toka Iringa. Tulipofika Nyololo dereva akasimama kupoza injini, na akina mama wakaja na mahindi ya kuchoma. Salehe akanunua hindi moja, akalivunja, akanipa kipande bila kunitazama. Baadaye akasema, huku akitafuna, kwamba mama yangu akija asinione kabisa itakuwa vibaya. Nikamjibu nimekwisha kubali. Akasema yeye hajakubali. Akaenda mbele kuzungumza na mwalimu, akarudi akacheka kwa mara ya kwanza. "Utashika taa," akasema. "Yule mtumishi. Huna hata neno moja la kusema, kwa hiyo huwezi kukosea."

Basi Mbeya nikashika taa. Katika mchezo ule kuna mtumishi anayepita na taa wakati wakubwa wanaingia kula, na huyo ndiye niliyekuwa mimi. Mama alikuwa amekaa karibu na mlango, na kanga yake mpya, kama nilivyomwona akilini. Nilipita mbele yake. Salehe alikuwa katikati ya jukwaa na joho la baba yake, na nakuambia kweli, alikuwa jemadari bora kuliko mimi. Mimi nilisema beti. Yeye alisitasita mpaka ukumbi mzima ukamwonea huruma.

Tulipopanda mlima kurudi nyumbani, mama alitangulia. Kisha akaniuliza kwa Kisafwa, si nilisema mimi ndiye mkubwa. Nikamweleza kila kitu, nikiwa nimembebea kikapu. Alisikiliza huku akipumua kwa kilima. Nilipomaliza akasema, "Ile taa uliishika vizuri. Haikutikisika." Baada ya hatua chache akauliza kama kule Mlandege wanakula viazi. Nikamwambia wanakula. Likizo ilipokwisha nilirudi Iringa na gunia la viazi ambalo Mama Salehe alilipokea kama zawadi ya mwali, na toka mwaka ule mpaka mama alipofariki hakuna msimu ambao gunia halikushuka mlimani. Salehe yuko hai. Amelegea magoti kama mimi, na bado ananiita Bwana Mlima kwenye simu.

Sasa, mwanangu, sikukatazi kutaka makubwa. Nilitaka kuonwa na mama yangu, na hakuna ubaya katika hilo. Ubaya ulianza pale nilipolificha hitaji langu kwa mtu aliyenipenda, nikaenda kulitafuta kwa kumharibia. Ukitaka kitu, kitamke, hasa kwa yule unayemwona amekizuia. Huenda ana mkono uliofunguka kuliko unavyodhani. Na ukisimulia habari za mwenzako kwa mtu mwenye uwezo juu yake, jiangalie unaishia wapi. Ukiona umeishia mahali panapokufaidi wewe, rudi, umalizie. Ukiwa umekwisha kosa, usingoje kuumbuliwa jukwaani kama mimi. Nenda mapema, ule chakula chao, useme.

Mungu akupe rafiki wa kukupa ubeti unapousahau, na nyumba itakayokulisha kwanza kabla ya kukusema. Akuwekee mkono usiotikisika kwa kazi yoyote utakayopewa, hata ikiwa ni ya kupita tu na taa. Amina.