Difu Mbili Zisizo Ndugu

Miaka ile ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipowashuku Wakikuyu wote kuwa waasi, nilikuwa dereva na fundi msaidizi katika shamba la kahawa lililokuwa kati ya Ruiru na Thika. Kwetu ni upande wa Kakamega, na kwa sababu hiyo askari hawakunisumbua sana. Mwenzangu wa karakana, ambaye ndiye aliyekuwa fundi mkuu, alikuwa Mkikuyu, na kwake kila siku ilikuwa mtihani. Kwenda Ruiru kununua sabuni kulitaka pasi. Kuchelewa kurudi kulitaka maelezo, na maelezo yenyewe yangeweza kukataliwa. Alikuwa mtu mpole, mwenye mikono mikubwa, mkali kwa jambo moja tu: ukirudisha spana yake ikiwa na mafuta hakusemeshi mpaka jioni.

Shamba lilikuwa na gari moja la fowili, yaani lile ambalo magurudumu yote manne huvuta. Kwa kawaida tuliliendesha kwa magurudumu ya nyuma tu, na tukiingia matopeni tulisukuma lever, kile kijiti kidogo cha chuma kilichokuwa kando ya giya, ili ya mbele nayo yasaidie. Masika yalipokaribia, difu ya nyuma ilivunjika meno. Difu ni lile bonge la chuma katikati ya ekseli linalopokea nguvu ya injini na kuigawia magurudumu. Gari la fowili lina difu mbili, moja mbele na moja nyuma.

Bwana wa shamba, mzungu mrefu aliyekuwa na haraka ya kila kitu, alipata difu nyingine kutoka kwenye gari la aina ileile lililopinduka karibu na maporomoko ya Chania. Mwenzangu akaifunga. Tulilijaribu kwenye njia za kahawa, mvua ikiwa imenyesha, nikasukuma ile lever, gari likapanda kilima chenye utelezi bila kulalamika. Tukanawa mikono, tukaenda zetu.

Siku chache baadaye Bwana alitoka asubuhi na inspekta wa polisi kwenda kuona mahali ambapo ua wa shamba ulikuwa umekatwa. Kule kulikuwa matope matupu, kwa hiyo walitumia fowili. Walipomaliza wakatokea barabara kuu kuelekea Ruiru, na Bwana akataka kuirudisha lever. Ikakataa. Akadhani itaachia yenyewe mbele ya safari. Badala yake usukani ukawa mzito, giya zikakaza, na walipofika kwenye kona ya kuteremkia daraja, gari likaruka upande na kugonga ukingo. Chini mto ulikuwa umejaa, maji mekundu.

Mimi nilifika na trekta. Nilimkuta inspekta ameketi kwenye ukingo, leso yenye damu kwenye paji la uso. Bwana alikuwa amesimama kando ya gari, uso mweupe kama unga.

“Nani alifungua gari hili mara ya mwisho?” inspekta aliuliza. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha Bwana.

Bwana alilitazama gari. Kisha akasema, “Fundi wangu.”

“Kabila gani?”

“Mkikuyu.” Inspekta akainuka. “Gari limefungwa giya likiwa njiani, juu ya mto, mimi nikiwa ndani. Unataka nifikiri nini?”

Landa, yaani gari la polisi, iliyokuwa imekuja kumchukua inspekta ikageuka na kwenda shambani kwanza. Ilipopita tena kuelekea Ruiru, mwenzangu alikuwa nyuma, kati ya askari wawili, bado amevaa ovaroli. Alinitazama. Sikujua nifanye nini na mikono yangu, nikajikuta nimeinua jeki kama mtu anayesalimu kwa jembe.

Kule Ruiru kulikuwa na kambi ya kuhoji watu. Sisi tuliiita sikirini. Waliohojiwa asubuhi na kuonekana wabaya walipakiwa kwenye lori mchana, na likishaondoka, mke wa mtu angeweza kukaa miaka asijue mumewe yuko kambi gani. Hilo kila mtu alilijua. Bwana naye alilijua.

“Wewe naweza ona kitu gani mbaya?” aliniuliza, kwa Kiswahili chake cha shambani.

“Ngoja niangalie, Bwana.”

Nilianza na breki, maana gurudumu lililoshikwa na breki pia hukaza gari. Niligusa ngoma za magurudumu yote. Baridi. Nikajaribu kuvuta ile lever ndogo kwa mikono miwili, haikusogea hata kidogo. Nikaweka jeki chini ya gurudumu la mbele ili nilizungushe kwa mkono. Lilipoanza tu kuachana na ardhi, gurudumu lile likajizungusha lenyewe kwa nguvu, na kishindo kikatoka chini ya gari kama mlango uliopigwa na upepo. Niliruka nyuma. Bwana aliapa kwa lugha yake.

Nilirudi nikaishika lever. Ikaja kwa vidole viwili.

Nilipoliwasha gari, lilikwenda vizuri. Nililiendesha mpaka karakana likiwa zima kabisa, na hilo ndilo lililonitia hofu. Gari likiharibika, unaweza kumwonyesha mtu palipoharibika. Ningekwenda kumwonyesha inspekta nini? Gari zima?

Nikamwaga oili ya boksi la giya kwenye karai. Nilitia vidole, nikaisugua. Mtu akitaka kuua giya hutia mchanga. Nilitafuta mchanga na sikuupata. Hapakuwa na vipande vya chuma, hapakuwa na nati iliyolegezwa. Klachi ilikuwa ikishika na kuachia kama kawaida. Bwana alikuwa amesimama juu ya kichwa changu, akitazama saa yake kila mara, na kila alipoitazama mimi nilisahau nilichokuwa nikikifanya.

Ndipo mke wa mwenzangu akafika kutoka kwenye nyumba za wafanyakazi, mtoto mgongoni, miguu imejaa tope mpaka magotini. Alikuwa amekimbia.

“Shemeji,” aliniambia, “baba wa mtoto amefanya nini?”

“Hajafanya kitu. Gari lilikwama, inspekta akaumia.”

“Ngai! Ni hili alilotia chuma kutoka Chania?”

“Ni hili.”

Alilitazama gari kama mtu anayemtazama mbwa aliyemng’ata. “Hicho chuma hakukipenda. Alikuja nyumbani akasema kinazunguka vingine. Alisema si ndugu ya kile kingine. Mimi nikamwambia ale chakula, vyuma havina ndugu.”

Nilibaki nimeshika kitambaa. Si ndugu ya kile kingine. Difu ya zamani tulikuwa tumeitupa, kwa hiyo ndugu aliyebaki garini alikuwa mmoja tu, ile difu ya mbele.

“Bwana,” nikasema, “lile gari la Chania na hili letu ni ya mwaka mmoja?”

Bwana alifikiri. “Sijui. Lile lilikuwa jipya kidogo.” Kisha akavua kofia. “Unataka kusema meno?”

“Sijui bado. Nataka kuona.”

Tukainua upande wa kushoto wa gari lote, mbele na nyuma, ule wa kulia tukauacha chini na kuutilia mawe. Nikachora mstari wa chaki juu ya kila gurudumu lililoning’inia, yote mawili yakitazama juu. Nikasukuma lever ya fowili, nikatia giya ya kwanza, nikaenda mbele na hendeli ya kuwashia, ile ya kuzungusha kwa mkono. Bwana alipiga magoti kwenye tope kati ya magurudumu. Mke wa mwenzangu hakuondoka.

Nilizungusha polepole. Jasho lilinitoka ingawa kulikuwa na baridi.

“Inakuja,” Bwana alisema. “Ya mbele imefika juu. Ya nyuma… bado.”

“Bado kiasi gani?”

“Kidogo. Endelea.”

Niliendelea. Mzunguko uliofuata lile la nyuma lilichelewa zaidi. Uliofuata, zaidi tena. Mwishowe mstari wa mbele ulikuwa juu, na wa nyuma ulikuwa umebaki upande kama mtu aliyeachwa na wenzake njiani. Bwana alipima nafasi ile kwa kiganja, akapima tena, halafu akakaa chini kabisa, suruali na yote.

Hapo kila kitu kilieleweka. Injini ilikuwa ikiyaambia magurudumu yote yaende pamoja, lakini meno ya difu ya Chania hayakulingana kwa idadi na ya mbele, basi ya nyuma yalikwenda taratibu zaidi. Kwenye matope yangeteleza, na tofauti ile ingepotea bila mtu kujua. Kwenye barabara ngumu hayana pa kuteleza. Vyuma vya katikati hujipinda, hukaza, hushika giya na lever, mpaka kitu kiachie. Kile kishindo nilichokisikia darajani kilikuwa ni kukaza huko kukitoka.

“Shemeji,” nikasema, “twende.”

Tukarudisha oili, tukaitoa fowili, tukalishusha gari, na Bwana hakumkatalia shemeji kupanda. Aliendesha mwenyewe, na alikwenda mbio kiasi kwamba mimi, dereva wa miaka mingi, nilishika kiti.

Tulipofika kambini lori lilikuwa limeshafunguliwa mlango wa nyuma, na wanaume walikuwa wamechuchumaa kwa mistari, mikono kichwani. Sikumwona mwenzangu. Mkewe alimwona. Hakupiga kelele, alinishika tu mkono wa shati.

Inspekta alimsikiliza Bwana bila kukaa, plasta mpya kwenye paji lake. “Chaki?” alisema. “Umekuja kunionyesha chaki?”

“Difu ile nilinunua mimi,” Bwana alisema, kwa Kiswahili, ingawa wangeweza kusemezana kwa lugha yao. Nadhani alitaka tusikie. “Sikuuliza ya mwaka gani. Yeye alifunga tu kile nilichompa.”

“Hayo ni maneno. Gari linakwenda vizuri, nimeliona likiingia.”

“Liendeshe kwa fowili,” mimi nikasema. Sikuwa nimeulizwa. Askari aliyekuwa karibu alinigeukia. “Hapa uwanjani, Bwana Inspekta. Pamewekwa mawe, pagumu. Zunguka tu.”

Inspekta alinitazama, kisha akapanda. Alisukuma lever, akaanza kuzunguka uwanja. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Alizunguka tena. Ndipo matairi yakaanza kulia kwenye mawe, gari likaanza kurukaruka kidogo kama punda anayegoma, na nikamwona inspekta akiinama juu ya usukani kuugeuza. Injini ikazimika. Akavuta lever. Akaivuta kwa mikono miwili. Tuliiona midomo yake ikisema neno.

“Sasa nitainua gurudumu moja,” nikamwambia. “Kutakuwa na kishindo.”

Nilisahau tulikuwa wapi. Gurudumu lilipoachia, kishindo kilipopasuka, askari wote waliinua bunduki kwa pamoja, na wale waliochuchumaa wakalala kifudifudi. Nilibaki nimepiga magoti na jeki. Inspekta ndiye aliyeinua mkono wake kutoka dirishani. “Acha! Ni gari! Ni gari!”

Bunduki zikashuka, moja ya mwisho ikichelewa.

Inspekta aliijaribu lever. Ikaja. Akairudisha, akaileta tena. Alishuka. Alimwita koplo, akamwonyesha mwenzangu kwa kidole.

Mwenzangu alitoka kwenye mstari akichechemea, sikio moja limevimba. Mkewe alimfuta uso kwa pembe ya leso yake, pale pale mbele ya watu, na yeye akamwacha amfute. Tulipanda gari, tukavuka daraja.

“Ilikuwa nini?” ndipo mwenzangu akaniuliza.

“Meno. Ya mbele na ya nyuma hayalingani.”

Alifumba macho. “Niliizungusha kwa mkono nikasikia si kama ile ya zamani. Nikadhani ni upya wake tu.” Kisha akasema kwa sauti ndogo, “Unajua mle ndani nilifanya nini? Wakati wananiuliza, mimi nilikuwa nafungua gari kichwani. Nati moja moja. Kila nikimaliza naona kama kuna moja sikukaza. Walipoendelea kuniuliza, nikaanza kuamini. Wangengoja kidogo tu, ningekubali.”

Bwana aliyekuwa akiendesha alikohoa.

Tulifunga lever ya fowili kwa waya mpaka ilipopatikana difu yenye meno sawa, na mwenzangu aliifunga mwenyewe. Safari hii tuliweka zote mbili mezani, tukahesabu meno pamoja, Bwana akiwapo. Gari halikutusumbua tena.

Lakini tangu siku hiyo mwenzangu hakufunga boksi la giya wala difu peke yake. Hata nilipokuwa chini ya trekta au kwenye pampu ya maji huko bondeni, alituma mtu aniite, na kazi ilingoja mpaka nifike. Nilisimama kando yake. Alikaza nati ya kwanza, akanitazama.

“Umeona?”

“Nimeona.”

Akaenda kwenye ya pili.